Kigurudumu cha Meli Inkindi

Sensa yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa imelala ndani ya mfuko wa ushahidi, juu ya meza ya mpelelezi Gahongayire huko Remera, Kigali, bomba fupi jeusi unene wa kikombe cha chai, na chini yake kigurudumu cha plastiki chenye vijikasia vinne. Ukikipuliza, kinazunguka. Kazi yake ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Meli ikitembea maji yanakisukuma, kigurudumu kinazunguka, na kule juu mbele ya nahodha kioo kinaandika namba ya mwendo. Kwa kitu kidogo namna hiyo, mama mmoja muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, alikuwa hospitali na mguu uliofungwa vyuma, na nahodha mmoja alikuwa rumande akingoja jioni. Jioni faili lake lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na likishafika huko na jina lake peke yake, basi, unahodha angeuacha Rwanda, na yeye mwenyewe asingejua ni lini ataiona Bukoba.

Nahodha alipoletwa, aliinamisha kichwa kwanza, kama watu wa kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Telesphory. Keti. Umelala?"

"Nimejinyoosha tu. Kulala ni jambo jingine."

Gahongayire alikuwa amekulia Karagwe kabla ya wazazi wake kurudi nyumbani, na Kiswahili cha upande ule hakikuwa kimemtoka. Alimsogezea nahodha kikombe cha chai ya maziwa, akangoja anywe, ndipo akafungua daftari.

"Nieleze tena. Anzia ulipoliona gati."

"Nimeshaeleza mpaka mdomo umekauka."

"Ndiyo maana nimekupa chai. Eleza kama mimi ni mgeni."

Telesphory akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kulikuwa na ukungu. Kioo cha satelaiti kilikuwa kimekufa, tunangoja kipuri. Nikabaki na kioo cha hiki kigurudumu. Kuingia gatini sheria ni kilomita sita kwa saa, isizidi. Nikapunguza mpaka kikasoma sita. Kwa sita, ukirudisha injini nyuma pale kwenye boya, meli inasimama yenyewe kabla ya kugusa. Nikarudisha pale pale. Haikusimama, ikaligonga gati."

"Hukusikia kwamba inakwenda mbio?"

"Ilikuwa safari yangu ya pili na Inkindi, mama. Kule Mwanza nilikuwa na meli niliyoijua kwa masikio. Hii injini yake mpya, bado hatujajuana. Na ukungu ule, hakuna jiwe wala mti wa kupimia mwendo kwa macho."

"Illuminée, yule muuza sambaza aliyekuwa gatini, anasema meli ilikuja kama inakimbizwa."

Nahodha akaweka kikombe chini. "Yule mama namhurumia kwa moyo wote. Lakini amekosea, au amefundishwa la kusema. Kioo kilisoma sita."

"Fundi wako wa injini, Niyonzima, naye anasema mwendo ulikuwa mkubwa. Anasema uliichezea sensa ili kioo kikufichie."

"Mimi? Ile kitu iko chini ya sakafu ya chumba cha injini. Chumba chake. Mimi hata tochi ya kushukia kule sina!" Akakunja mikono. "Muulize huyo Niyonzima ni nani alitaka binamu yake awe nahodha kabla sijaja."

Gahongayire akainua mfuko, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye shingo ya sensa, karibu na kigurudumu, palikuwa na mikwaruzo mitatu minne, mipya, myeupe juu ya weusi. Niyonzima alikwishasema ni ya nahodha. Nahodha sasa anaisogeza kwa Niyonzima. Hao wawili wangeweza kusogezeana mikwaruzo mpaka jua lizame.

"Kabla ya kufungwa melini, ilitoka wapi?"

"Masoro. Kwenye karakana ya Rugamba. Ndiko ilikosawazishwa kipimo. Niyonzima aliichukua ikiwa kwenye boksi, imefungwa utepe, pamoja na kioo chake."

"Basi ngoja nikamuulize wa tatu," akasema Gahongayire, akaitia sensa mkobani pamoja na kile kioo, ambacho nacho kilikuwa kimeng'olewa melini na kufungwa kwenye mfuko wake.

Gari la ofisi lilikuwa limeondoka asubuhi na wenzake. Akasimama kando ya barabara, akainua kidole, na pikipiki ikasimama kabla hajakishusha. Akavaa kofia ya chuma, akaikaza kidevuni, akaupakata mkoba tumboni. Motari, yaani dereva wa pikipiki, alikuwa mtu wa maneno mengi. Walipouacha uwanja wa ndege na kuanza kuteremka kuelekea Mulindi, injini ikanyamaza ghafla, pikipiki ikawa inateleza kimya kimya, upepo tu masikioni.

"Imezima?" akauliza Gahongayire.

"Nimeizima, Mama. Mteremko huu ni wa bure, kwa nini nichome esansi?"

"Na breki?"

"Breki iko. Na Mungu naye iko."

"Washa hiyo injini, tafadhali. Mungu mwachie kazi zake."

Motari akacheka mpaka kofia ikatikisika, lakini hakuwasha mpaka walipofika bondeni, pale barabara inapoanza kupanda tena. Gahongayire alipomlipa alimtazama usoni vizuri, kama anayemweka akiba.

Karakana ya Rugamba ilikuwa nyuma ya maghala, mlango mpana wa bati la buluu, ndani pasafi kuliko alivyotarajia. Ukutani vilining'inia vidhibiti mwendo vya magari ya abiria, vile vinavyolizuia gari lisivuke sitini, kila kimoja na kadi yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya miaka yote. Kazi ya meli ilikuja juzi juzi, wenye meli walipotafuta mtu wa karibu wakaambiwa, mwendo ni mwendo, mpelekeeni Rugamba.

Rugamba alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, aliyesoma Kampala na kurudi na "nyabo" ya huko ya kumwita mwanamke kwa heshima, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Karibu, nyabo, karibu! Ungenipigia simu ningekutumia gari."

"Asante. Nimekuja na upepo." Gahongayire akaweka mfuko juu ya meza. "Unakijua hiki?"

"Nakijua kama mtoto wangu. Kilitoka hapa kikiwa sawa kabisa."

"Mlikisawazishia wapi?"

"Ziwani. Kivu kwenyewe. Sensa ya meli haipimwi kwenye karai, nyabo. Unaifunga chini ya chombo, unakwenda mwendo ambao unaujua kwa kipimo kingine, halafu unarekebisha kioo mpaka namba zifanane. Kazi safi."

"Na hii mikwaruzo?"

Rugamba akavaa miwani, akainama. Alipoinuka uso ulikuwa umepata nuru. "Ah! Unaona sasa? Hapa pameguswa na bisibisi. Mtu wa meli huyo. Mimi kama ni wewe ningemtafuta fundi wao, yule Niyonzima. Alikuja hapa ana haraka, hata soda alikataa."

"Mtu akikataa soda Kigali ni wa kushukiwa," akasema Gahongayire.

"Kabisa, nyabo!"

Gahongayire hakucheka. Aliomba karatasi nyeupe, akaomba kibano, akamwomba Rugamba mwenyewe awe shahidi wa kuukata utepe wa mfuko, akaandika saa. Kisha akakishika kigurudumu kwa kucha mbili na kukizungusha polepole, kijikasia kimoja baada ya kingine, akichungulia pale mhimili wake unapoingia kwenye bomba. Palikuwa na kitu. Akakivuta kwa kibano, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akakilaza juu ya karatasi. Ulikuwa uzi wa kijani uliokauka, urefu wa kope. Nyuma yake ukatoka wa pili. Akagonga bomba juu ya karatasi, na chembe za tope zikaanguka, nyekundu ya matofali.

"Bwana Rugamba, wewe umefika Kivu?"

"Sana."

"Ukisimama ndani ya maji pale gatini unaona nini?"

"Naona... miguu yangu."

"Unaona miguu yako. Na mawe. Pale hakuna tope jekundu. Na huu uzi ni wa mafunjo. Inkindi ilipita kwenye mafunjo gani?"

Mahali pengine karakanani mashine ilikuwa inavuma, ikazimwa. Kutoka nyuma ya meza ya vipuri akaja mwanamume wa makamo, kifua kipana, anajifuta mikono kwa kitambaa. Huyo alikuwa Ndihokubwayo, fundi aliyetoka Bujumbura, ambaye pale kazini wote walimwita Ndiho kwa kufupisha.

"Patron," akamwambia mwajiri wake, "mwambie tu Mama. Hii si kitu ya kuficha."

"Ndiho, rudi kwenye kazi."

"Kazi yenyewe njo hii." Akamgeukia Gahongayire. "Mama, hatukuenda Kivu. Kivu ni mbali, na wateja walikuwa wanasukuma. Tulienda mtoni, Nyabarongo, hapa tu chini ya mji. Wachimba mchanga walituazima mtumbwi yao, iko na injini ya nyuma. Maji ni maji, si ndiyo? Na hizo mikwaruzo msitafute mtu, ni za mimi. Nilikuwa natoa majani."

Rugamba akavua miwani, akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Majani yalikuwa mengi?" akauliza Gahongayire.

"Apana, kidogo. Huo uzi tu."

"Ulijuaje kwamba kuna majani, na kigurudumu kiko chini ya maji?"

"Kilikwama. Tunarudi, tunatembea vizuri, miti ya kule ng'ambo inapita, lakini kioo inaonyesha ziro. Nikasema, ee, imeshika kitu. Nikaitoa, nikakwangua kwa bisibisi, nikarudisha. Bado ziro. Nikakwangua tena. Halafu tulipokaribia ukingo nikawasha injini, yenyewe ikaamka! Nikasema asante Yesu, imepona."

Gahongayire, aliyekuwa anaandika, akainua kalamu.

"Ukawasha injini? Kwani ilikuwa imezimwa?"

Ndiho akamtazama kama anayeulizwa kwa nini watu hulala usiku. "Si tulikuwa tunashuka, Mama. Mto unatubeba. Kushuka ni bure."

"Ndiho, kabla ya kuja hapa ulikuwa motari."

"Yewe! Nani amekuambia?"

"Mwenzako mmoja, kwenye mteremko wa Mulindi, leo asubuhi." Akafunga daftari. "Mlipokuwa mnapanda mto ndipo mliposawazisha?"

"Ndiyo. Simu iko mkononi, ile programu ya satelaiti tunayopimia gari. Simu inasema sita, kioo ilikuwa inasema zaidi. Nikarekebisha mpaka kioo nayo ikasema sita. Kwisha."

"Mara moja tu? Upande mmoja?"

Hapo Rugamba akapata sauti. "Nyabo, hiyo ndiyo njia. Kila gari iliyopita hapa tumeipima hivyo. Unachukua barabara iliyonyooka, unapita mara moja, unasoma. Upite mara mbili kwa nini? Barabara haiendi popote."

"Barabara haiendi," akasema Gahongayire. "Na mto?"

Ndiho akaacha kujifuta mikono.

"Mnalo gari la kutufikisha kule? Faili linaondoka saa kumi na moja."

Walivuka jiji lote kwa pikapu ya karakana, Rugamba akiendesha, Ndiho nyuma na vyombo mapajani. Nyabarongo ilikuwa kama ilivyokuwa siku zote za mvua, rangi ya chai iliyozidi majani, mafunjo yamejazana kandokando yakitikisika vichwa. Wachimba mchanga wakawapa mtumbwi ule ule, wakimtania Ndiho.

"Motari wa maji! Leo umepata abiria mwenye pesa!"

"Nyamaza, huyu ni afande."

"Afande, usilipe kabla hajakufikisha!"

Ndiho akaifunga sensa kwenye ubao wake ubavuni, mshale wa juu ukielekea mbele kama inavyotakiwa, akaunganisha kioo na betri. Gahongayire akampa Rugamba kazi ya kuchukua video, asije akasema baadaye hakuwepo. Yeye mwenyewe akashika simu ya kupima mwendo.

"Panda mto. Fanya kila kitu kama siku ile. Ukishapata gesi yako, usiiguse tena."

Injini ikanguruma, mtumbwi ukaanza kupanda, maji yakigombana na pua yake. Baada ya muda namba zikatulia.

"Simu, sita," akasoma Gahongayire. "Kioo?"

"Sita," akasema Rugamba, na pumzi ikamtoka. "Unaona, nyabo? Sita na sita. Ni safi."

"Bado hatujarudi. Ndiho, geuka. Gesi iache hapo hapo. Na injini usizime."

"Kushuka na injini? Esansi hii, Mama..."

"Ninanunua mimi."

Ndiho akageuza. Mlio wa injini haukubadilika hata kidogo, lakini mafunjo yalianza kupita haraka, na wachimba mchanga waliokuwa mbali wakawa karibu, mara wakawa nyuma wanapunga mikono. Rugamba alishika ukingo wa mtumbwi.

"Kioo?"

"Sita."

"Njoo usome simu."

Rugamba akainama juu ya simu. Akaitazama, akaitikisa, akaitazama tena. "Kumi na mbili. Haiwezekani."

"Injini ile ile, gesi ile ile. Kupanda sita, kushuka kumi na mbili. Ndiho, sasa zima, kama ulivyozima siku ile."

Kukawa kimya, mto ukawabeba. Kioo kikashuka polepole mpaka ziro. Simu ikabaki kwenye tatu, na miti ya ng'ambo ikaendelea kupita, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Ndiho ndiye aliyeanza kusema, tena kwa sauti ndogo. "Haikukwama."

"Haikukwama."

"Maji yenyewe njo ilikuwa inatembea. Sisi tulikuwa tumekaa ndani yake kama takataka. Kigurudumu hakina wa kukisukuma." Akakitazama kile kitu cheusi kilichokuwa kinaning'inia ubavuni. "Nilikikwangua bure. Kilikuwa kinasema kweli."

"Kilikuwa kinasema kweli, nawe ukadhani ni kigonjwa," akasema Gahongayire. "Mto unakwenda tatu. Ukipanda unakunyang'anya tatu, ukishuka unakuongezea tatu. Katikati ya sita na kumi na mbili ni ngapi?"

"Tisa."

"Tisa. Huo ndio mwendo ambao mtumbwi huu ulikuwa unayakata maji, kupanda na kushuka. Kigurudumu hakijui ukingo wala miti, kinajua maji tu. Kilikuwa kinasema tisa, nanyi mkakilazimisha kiseme sita. Ungepima njia zote mbili na injini inawaka, ungeona."

Rugamba aliendelea kushika simu ya video ingawa sasa ilikuwa inarekodi magoti yake. "Na ziwani..."

"Ziwani pale gatini hakuna mto wa kumnyang'anya mtu kitu. Nahodha akiona sita, anakwenda tisa. Anarudisha injini pale kwenye boya, mahali panapomtosha mtu wa sita. Meli imejaa mizigo."

Mtumbwi ukagusa mchanga. Waliposhuka, Rugamba alijaribu mara ya mwisho.

"Nyabo, ni kosa la kazi. Mtu yeyote wa magari angelifanya. Ndiho hakuwa na nia mbaya."

"Najua hakuwa nayo. Kosa la mto ni la Ndiho, na amelisema kabla sijalijua. Lakini mwenye meli uliyemwambia ilipimwa Kivu, angejua ni Nyabarongo angeuliza swali. Nahodha naye angeuliza. Hilo la ziwa ni lako peke yako. Na asubuhi hii ulikuwa tayari Niyonzima alibebe kwa sababu amekataa soda. Kesho saa mbili ofisini, mje wote wawili. Na kabla ya kesho, kila sensa ya meli iliyopita mikononi mwenu, unampigia mwenyewe simu. Unaanza sasa, nikiwa nasikia."

Rugamba akatoa simu. Zilikuwa nyingine mbili tu, na zote bado zilikuwa kwenye maboksi. Ndiho alikaa juu ya jiwe, ameiweka sensa mapajani, akiisafisha tope kwa kitambaa, vijikasia vyote, mpaka Gahongayire alipoichukua na kuirudisha mfukoni mwake na kuwataka wote watie sahihi juu ya utepe mpya.

Akasogea pembeni, akampigia mwendesha mashtaka, akaeleza mara mbili kwa sababu yule hakuwahi kupanda mtumbwi. Mwisho yule akasema faili la nahodha libaki pale pale lilipo, video iletwe, na mtu aachiliwe jioni hiyo kwa dhamana yake mwenyewe. Ndipo Gahongayire akapiga Remera, akaomba wamwitie Telesphory.

"Mama?"

"Telesphory, nimekielewa kigurudumu chako. Kioo kilisoma sita. Hukusema uongo, na hakuna aliyekigusa melini. Niyonzima naye hakukigusa. Jioni hii unatoka."

Ikasikika pumzi ndefu, na nyuma yake maneno ya Kihaya ambayo Gahongayire aliyaelewa ila hakuyaandika.

"Nilikuambia, mama. Nilikuambia sita."

"Kioo kilikuwa sita. Meli ilikuwa tisa."

Wachimba mchanga walikuwa wanacheka kitu chao, jembe linagonga kokoto.

"Tisa," akasema nahodha. "Kwa hiyo yule mama Illuminée... alivyosema ilikuja kama inakimbizwa..."

"Aliona sawasawa."

"Nami nimemwita mwongo. Mbele ya watu wenu, na imeandikwa."

"Imeandikwa. Tutaandika na hili."

Gahongayire alidhani sasa nahodha angeuliza cheti chake cha unahodha, au pasipoti, au siku gani anaweza kupanda basi la Bukoba. Maswali hayo yote alikuwa amejiandaa nayo, na majibu yake.

"Mama," akasema Telesphory, "kabla hamjanifungulia, naomba unitajie wodi aliyolazwa yule mama. Nikitoka hapa mlangoni nisianze kuuliza njia."